Kijiji cha Babu Hakionekani kwenye Ramani: Kutatua Majina ya Zamani ya Ireland

Anayefuatilia ukoo wake hadi Ireland kwa kawaida hakwami kwenye jina la babu. Hukwama kwenye jina la mahali. Neno moja limeandikwa nyuma ya picha, au limechongwa kaburini, au padri aliliandika harakaharaka pembeni ya cheti cha ndoa. Ukiliingiza kwenye ramani ya simu halitoki, au yanatoka mengi hadi kichwa kinauma. Maswali haya huulizwa kwa Kiswahili pia: na wajukuu wa walioajiriwa na serikali ya kikoloni Nairobi au Entebbe, na watu walioolewa Boston au Dublin, na wanakamati wa jubilei ya parokia wanaotaka kujua sista aliyefungua zahanati yao alizaliwa wapi hasa.

Nimepanga matatizo kwa dalili. Sehemu ya kwanza isome hata kama una haraka, maana matatizo mengi huishia hapo.

Kabla ya yote: neno lako liko ngazi gani?

Kisiwa cha Ireland kina kaunti 32, 26 katika Jamhuri na 6 katika Ireland Kaskazini. Kaunti iligawanywa katika baroni, ngazi ambayo leo haina kazi ila imejaa kwenye nyaraka za zamani. Chini yake kuna parokia za kiraia, na chini kabisa kuna taunilandi. Hii ndiyo unayoitafuta, hata kama hujawahi kuisikia.

Taunilandi si mji. Ni kipande cha ardhi chenye jina na mipaka yake, na kinaweza kuwa na nyumba ishirini au kisiwe na nyumba hata moja. Ziko zaidi ya 60,000, nyingine hazifiki ekari moja, nyingine zinapita ekari 7,000. Mkulima wa karne ya 19 alipoulizwa anatoka wapi alitaja taunilandi yake. Mjukuu wake huko Marekani alitaja mji wa karibu wenye soko, na kitukuu akabaki na kaunti tu. Kwa hiyo kadiri karatasi yako ilivyoandikwa mbali na Ireland, na baadaye, ndivyo neno lililomo linavyoelekea kuwa la ngazi ya juu.

Pembeni ya ngazi hiyo kuna nyingine mbili zisizolingana nayo. Moja ni parokia za Kikatoliki, ambazo mipaka yake, na mara nyingi hata majina yake, ni tofauti na za kiraia. Ya pili ni yunioni, maeneo yaliyoanzishwa chini ya sheria ya maskini ya 1838. Kila yunioni ilizunguka mji wa soko wenye nyumba ya kulelea maskini, na mipaka ya kaunti haikuzingatiwa. Uandikishaji wa vizazi na vifo ulipoanza ulifuata yunioni. Ukitafuta jina la yunioni kwenye orodha ya parokia utarudi mikono mitupu ingawa jina umeliandika sawasawa.

Basi chukua kalamu, andika kila jina la mahali ulilonalo, na mbele yake andika ngazi unayodhani ni yake na waraka ulikolitoa. Ukishindwa kuamua ngazi, hilo ndilo tatizo lako la kwanza, na faharasa ya taunilandi iliyotokana na sensa ya 1851 na kuchapishwa 1861 italitatua: kila taunilandi imewekwa pamoja na kaunti, baroni, parokia ya kiraia na yunioni yake.

Dalili: "Naandika jina, naambiwa hakuna matokeo"

Chanzo cha kawaida ni kwamba jina liliandikwa kwa sikio. Msemaji alikuwa na Kiairishi, au Kiingereza chenye lafudhi nzito ya Kiairishi. Karani alikuwa na Kiingereza tu, na akaandika alichodhani amesikia. Tahajia zinazotumika leo ziliwekwa na idara ya ramani, Ordnance Survey, iliyoanza kazi Ireland mwaka 1824 na kumaliza ramani zake kubwa za kaunti zote mwaka 1846. Waraka wa kabla ya hapo haukuwa na tahajia rasmi ya kuifuata, na makarani wengi wa baadaye hawakujisumbua kuifuata.

Tazama Cahersiveen, mji ulioko kaunti ya Kerry. Kwa Kiairishi ni Cathair Saidhbhín. Kwenye maandishi utaukuta kama Cahersiveen, Caherciveen na Cahirciveen. Neno cathair, ngome ya mawe, limekuwa Caher kwa mmoja na Cahir kwa mwingine. Sauti ya s imeandikwa kwa s na kwa c. Zile herufi bh zimegeuka v, kwa sababu katika Kiairishi bh na mh hutamkwa v au w kutegemea eneo na irabu jirani. Huo ni mji, wenye posta na kituo cha treni zamani hizo. Fikiria taunilandi ya nyumba tano.

Dawa ni kuondoa irabu na kubaki na konsonanti. Cahirciveen inabaki C-H-R-C-V-N. Sasa badilisha zile zinazobadilishana: c na k na wakati mwingine s, v na w na b, d na t, gh ambayo mara nyingi haitamkwi kabisa au husikika kama h. Andika matoleo yote unayoweza, kisha yasome kwa sauti. Pale tovuti inapokubali alama ya nyota, itumie mahali pa irabu. Kazi hii inafanyika vizuri kwenye Logainm, hifadhidata ya majina ya mahali ya Ireland, ambayo ni bure na ina majina ya Kiairishi na ya Kiingereza pamoja. Kwa kaunti sita za kaskazini kuna mradi wa majina wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, wenye tovuti yake.

Jihadhari na majina ambayo matamshi yake hayafanani na maandishi. Youghal, bandari ya Cork, hutamkwa kama "yol". Drogheda haisikiki g. Kiltimagh ya kaunti ya Mayo ukiisikia kwa mwenyeji hutadhani ndiyo hiyo unayoisoma. Kama familia yako ilihifadhi jina kwa mdomo tu, usilitafute kama lilivyoandikwa na shangazi. Tafuta kilicho karibu na sauti yake.

Angalia pia viambishi. Bally mara nyingi ni baile, makazi, lakini wakati mwingine ni béal átha, mdomo wa kivuko, kama ilivyo Ballina ya Mayo. Kil ni cill, kanisa, au coill, msitu, na maandishi ya Kiingereza hayatofautishi. Kiltimagh, kwa mfano, ni Coillte Mach, ya misitu. Nalitaja hili kwa sababu kuna watu wanaozunguka kutafuta magofu ya kanisa mahali ambapo palikuwa na miti tu. Kwa mtafuta ukoo maana si muhimu sana. Muhimu ni kujua kwamba Bally, Balli, Balla na Bal hubadilishana kwenye nyaraka, vilevile Kil, Kill na Kyle, na kwamba familia nyingi zilikata kiambishi au mkia wa jina, ule wa more (kubwa), beg (ndogo), Upper au Lower.

Halafu kuna mwandiko. S ndefu ya zamani hufanana na f, kwa hiyo Ross husomeka Rofs. T na F kubwa, L na S, n na u hukosewa hata na walionakili faharasa za kisasa. Ukiweza kuona picha ya waraka wenyewe, usitegemee kilichochapwa.

Dalili: "Yanatoka mengi mno"

Edel Quinn, mjumbe wa Legio ya Maria (chama cha walei Wakatoliki) aliyefariki Nairobi mwaka 1944, alizaliwa 1907 Greenane, karibu na Kanturk, kaunti ya Cork. Andika Greenane peke yake uone. Iko Wicklow, iko Kerry, na zipo Greenan kadhaa kwingineko, kwa sababu majina haya yalielezea ardhi ilivyo: mahali pa jua, kilima chekundu, shamba dogo, kivuko. Ukiondoa neno Kanturk unabaki na bahati nasibu.

Kinachotenganisha majina yanayofanana ni watu walioishi jirani. Rudi kwenye waraka wako uchukue majina ya mashahidi wa ndoa na wasimamizi wa ubatizo. Kisha ingia kwenye Uthamini wa Griffith, orodha ya wakazi na ardhi iliyotengenezwa kati ya 1847 na 1864, kaunti kwa kaunti. Kwa kila taunilandi inayogombea, angalia kama jina la ukoo wako lipo, kisha kama majina ya wasimamizi wale yapo hapo au kwenye taunilandi zinazopakana nayo. Jina la ukoo likiwa la kawaida, kama Sullivan huko Cork na Kerry, peke yake halithibitishi kitu. Sullivan, Harnett na Keeffe wakikutana kwenye ubatizo mmoja na wote watatu wakaonekana kwenye ukurasa mmoja wa Griffith, umeshapata pa kuanzia. Uthamini huo na ramani zake uko bure kwenye tovuti ya Ask About Ireland.

Kwa kipindi cha kabla ya njaa kuu ya miaka ya 1840 tumia madaftari ya zaka ya 1823 hadi 1837, lakini kwa tahadhari: yaliorodhesha mashamba yaliyotozwa zaka, kwa hiyo wakazi wa mijini na vibarua wasio na ardhi usiwategemee kuwemo. Na tahajia zake za majina ya mahali ni za kabla ya kusawazishwa.

Dalili: "Mji ulioandikwa haupo Ireland ya leo"

Huu ndio ugonjwa rahisi kuliko yote. Kama Thomson's Falls ilivyogeuka Nyahururu, majina mengi ya kifalme na ya mabwana wa ardhi huko Ireland yaliondolewa, mengi wakati wa uhuru au karibu yake. Queen's County ni Laois. King's County ni Offaly. Maryborough ni Portlaoise, Philipstown ni Daingean, Parsonstown ni Birr. Kingstown, iliyopewa jina hilo mwaka 1821 mfalme George IV alipotembelea, ilirudi kuwa Dún Laoghaire mwaka 1920. Sackville Street ya Dublin ikawa O'Connell Street mwaka 1924. Mingine ilienda na kurudi: Navan iliwahi kuitwa An Uaimh kwa miongo kadhaa, kisha ikarudi Navan. Derry na Londonderry tafuta zote mbili, mji na kaunti, na usianzishe mjadala na mtu wa huko kuhusu ipi ni sahihi.

Queenstown inahitaji neno la ziada. Ni Cobh, bandari ya Cork, iliyobadilishwa jina mwaka 1849 Malkia Victoria alipofika. Abiria wasiohesabika walipandia meli hapo, na Titanic ilitia nanga hapo kwa mara ya mwisho Aprili 1912. Kwa hiyo karatasi ikisema mtu "alitoka Queenstown", mara nyingi maana yake ni kwamba alipandia meli pale. Huenda alikuwa ametembea au kupanda treni kutoka Limerick au Kerry. Usiipeleke familia nzima Cork kwa ushahidi huo.

Dalili: "Kaunti hazikubaliani"

Cheti cha kuzaliwa kinasema Waterford, familia inaapa ni Kilkenny. Huenda wote wako sahihi. Uandikishaji wa kiraia ulianza mwaka 1845 kwa ndoa zisizo za Kikatoliki na 1864 kwa vizazi, vifo na ndoa zote, na faharasa zake zinataja wilaya ya uandikishaji, yaani yunioni. Yunioni ya Waterford ilichukua sehemu ya kusini ya Kilkenny. Newry iliunganisha sehemu za Down na Armagh. Carrick-on-Shannon ilikuwa na wakazi wa Leitrim na wa Roscommon. Fungua picha ya cheti chenyewe kwenye tovuti ya serikali, irishgenealogy.ie, bila malipo, usome safu ya mahali pa kuzaliwa. Faharasa inakupa yunioni. Picha inakupa taunilandi.

Chanzo kingine ni mipaka iliyohamishwa baada ya sheria ya serikali za mitaa ya 1898. Ballaghaderreen ilitoka Mayo ikaingia Roscommon. Upande wa Roscommon wa mji wa Ballinasloe uliingia Galway. Babu aliyezaliwa 1880 na kaka yake aliyeulizwa 1920 wanaweza kutaja kaunti mbili na nyumba ikawa ileile.

Dalili: "Parokia nimeipata, lakini rejista hazina mtu wetu"

Karibu kila mara umetumia parokia ya kiraia kutafuta rejista ya Kikatoliki. Parokia za kiraia zilifuata mpangilio wa zamani wa kanisa uliobaki na Waanglikana. Wakatoliki walijipanga upya baadaye, wakaunganisha parokia mbili tatu na kuipa jina la kijiji penye kanisa. Tafuta kwanza parokia ya Kikatoliki inayobeba taunilandi yako, kisha nenda kwenye rejista za Maktaba ya Taifa ya Ireland, ambazo tangu 2015 picha zake ziko wazi mtandaoni, nyingi zikiishia karibu 1880. Kama taunilandi iko mpakani, fungua na parokia jirani. Watu walibatiza mtoto kwenye kanisa lililo karibu, si lililo sahihi kwenye ramani. Majina ya watu mle yameandikwa kwa Kilatini mara nyingi, ya mahali kwa Kiingereza kibovu, na mara nyingine padri hakuandika mahali kabisa.

Kuna pia parokia ambazo rejista zake zinaanza kwa kuchelewa sana, hasa magharibi. Hapo hakuna ujanja.

Dalili: "Halimo popote, hata kwenye faharasa"

Basi huenda si jina la taunilandi. Ni jina la kona ya taunilandi, kundi la nyumba, daraja, shamba la mwenye ardhi, au jina la Kiairishi ambalo wenyeji walilitumia na serikali haikulitambua. Majina ya aina hii ni mengi kuliko yale rasmi.

Kwa haya nampenda John O'Donovan kuliko kompyuta yoyote. Alizaliwa Attateemore, kusini mwa Kilkenny, akaingia Ordnance Survey mwaka 1830, na kazi yake ilikuwa kuzunguka kaunti akiwauliza wazee jina linatamkwaje na kulilinganisha na maandishi ya zamani. Matokeo yake ni Vitabu vya Majina: kwa kila mahali kuna tahajia mbalimbali zilizokutwa na zilikotoka, umbo la Kiairishi, na tahajia iliyopendekezwa. Tahajia ya ajabu kwenye barua ya bibi yako huenda ni mojawapo ya zile zilizokataliwa, na imekaa pale inakusubiri. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imeingizwa Logainm, kwenye kurasa za kila jina.

Baada ya hapo jaribu Mkusanyo wa Shule wa 1937 hadi 1939, ambapo watoto wa shule za msingi katika kaunti 26 waliandika simulizi za wazee wao, pamoja na majina ya mashamba, visima na vilima. Uko kwenye tovuti ya Dúchas. Na kama jina ni la kabla ya 1700, tazama ramani za Down Survey, upimaji ulioongozwa na William Petty miaka ya 1650, ambazo Trinity College Dublin imeziweka mtandaoni.

Utasikia watu wakisema kwamba kila kitu kiliungua. Ni kweli kwamba Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofika kwenye majengo ya mahakama ya Four Courts Dublin, ofisi ya kumbukumbu ililipuka na sensa nyingi za 1821 hadi 1851 zikateketea; za 1861 hadi 1891 serikali yenyewe iliziharibu. Lakini sensa za 1901 na 1911 ziko kamili na bure, zimepangwa kwa taunilandi ndani ya kata za uchaguzi. Rejista za Kikatoliki zilikuwa parokiani. Griffith ilinusurika. Hoja ya moto isikuzuie kabla hujajaribu.

Dalili: "Nina neno moja tu: Ireland"

Acha nyaraka za Ireland kabisa kwa sasa. Jina la mahali litapatikana alikofikia mtu wako, na pengine kwenye karatasi za ndugu yake. Kwa walioenda Marekani, jiwe la kaburi na tangazo la kifo hutaja parokia mara nyingi kuliko sensa. Gazeti la Boston liitwalo The Pilot lilichapisha kuanzia 1831 hadi 1921 matangazo ya kutafuta jamaa waliopotea, mengi yakitaja taunilandi na parokia. Benki ya akiba ya wahamiaji ya New York, iliyofunguliwa 1850, iliwauliza wateja walikozaliwa ili kuwatambua, na madaftari hayo yapo.

Kwa waliofika Afrika Mashariki, anza na orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza kati ya 1890 na 1960, zilizoko katika hifadhi ya taifa ya kumbukumbu huko Kew, London. Wengi waliokwenda Mombasa wamo. Kama ni mmisionari, andikia shirika lake. Mashirika ya kitawa hutunza jalada la kila mwanachama, na humo hutajwa parokia ya ubatizo. Kosa la kuepuka ni kutafuta jina la utawa. Mama Kevina, aliyefika Uganda mwaka 1903, hutamwona kwenye rejista yoyote ya Wicklow kwa jina hilo. Alizaliwa Teresa Kearney, mwaka 1875, Knockenrahan, Arklow.

Ukibaki na taunilandi mbili zinazofanana kwa kila kitu, kuna hatua moja iliyobaki: vitabu vya marekebisho ya uthamini, vilivyoonyesha baada ya Griffith nani alichukua ardhi ya nani, na mwaka gani. Vya kaunti sita za kaskazini viko bure mtandaoni kwa ofisi ya kumbukumbu ya Belfast, PRONI. Vya kaunti 26 viko Dublin, kwa Tailte Éireann; waandikie ukitaja kaunti, parokia ya kiraia na taunilandi zote mbili, kisha linganisha mwaka babu yako alipoondoka na mwaka jina lake lilipokatwa kwa wino wa rangi.